Nyuzi 16

London, Jumapili usiku

Sahibu yangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi mno kusikia umetoka hospitali na kwamba jioni unakaa barazani. Fidla usiiharakie. Ila masikio hayangoji ruhusa ya daktari, ndiyo maana nakuandikia niliyoyasikia jana.

Nilikwenda kanisa moja dogo kusikiliza vijana wanne: fidla mbili, viola iliyo kubwa kidogo kuliko fidla, na chelo ya sauti nzito. Hapana kondakta, hapana ngoma ya dumbak, hapana mwimbaji. Nyuzi 16 basi. Katika taarabu fidla zetu hushika mahadhi kwa pamoja, mmoja akiteleza wenzake humbeba. Hawa kila mmoja ana njia yake, na akikosea hakuna wa kumfunika. Kabla ya kuanza, yule wa fidla ya kwanza alivuta pumzi, na watatu waliobaki wakavuta naye.

Walifungua kwa kazi ya mtunzi Justinian Tamusuza wa Uganda, "Mu Kkubo Ery'Omusaalaba", yaani katika njia ya msalaba. Kronos Quartet, kundi la Marekani lililoanzishwa 1973, walirekodi sehemu ya kwanza ya kazi hiyo katika albamu yao ya 1992, Pieces of Africa. Sahibu, usingeweza kutulia kitini! Nyuzi zinadonolewa kwa vidole, sauti ya huyu inaingia kwenye pengo la yule, kama amadinda, marimba ya Waganda, ambayo wapigaji hukaa wakitazamana na kugonga mbao zilezile. Ukimtafuta mwenye wimbo humpati. Wimbo uko kati yao.

Kisha wakapiga kazi ya Beethoven, yule mtunzi Mjerumani, opus 132, yaani kazi yake namba 132, ya mwaka 1825. Na hapa ndipo nilipokukumbuka. Mwaka ule aliugua vibaya, akapona, na katikati ya kazi hiyo akaweka shukrani kwa Mungu ya mgonjwa aliyepata nafuu. Walianza polepole mno, bila kutetemesha vidole, kanisa zima kimya. Halafu mahadhi yanachangamka, na hapo kwenye nota mwenyewe aliandika: kuhisi nguvu mpya. Wakati huo alikuwa kiziwi. Zilinijia zile siku ambazo kila simu ya kutoka kwenu niliogopa kuipokea, nikalia.

Walipanga vizuri. Tamusuza alinizoeza kusikiliza mapengo kwanza, na Beethoven alipokuja nilizisikia sauti zote nne, kila moja peke yake.

Nguvu zikikurudia, tafuta wenzio watatu hapo klabuni mjaribu ile sehemu ya polepole. Haitaki vidole vyepesi, inataka upinde uliotulia, na wako ulitulia tangu tukiwa watoto. Desemba nakuja na nota zote nne. La chelo nimeshaanza kuwaza nani atalishika, lakini hilo tutalizungumza barazani.

Mama msalimie sana, mwambie ule uji asiuache.

Ni mimi, sahibu yako