Mwanangu, usihame bila barua ya uhamisho

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Habari kwamba mwisho wa mwezi unahama Mwanza kwenda Dodoma nimezipata kwa dada yako, si kwako, na ingawa kazi uliyoipata imenifurahisha sana, limo neno moja katika habari hizo ambalo limeninyima usingizi. Anasema umemwambia kwamba Dodoma utaanza upya kwa sababu huko hakuna anayekujua. Alipokuuliza kama umekwisha kuchukua barua ya uhamisho usharikani, ulimjibu kwamba huna haja nayo, utaingia kanisani kama mgeni na kuketi nyuma. Ndiyo sababu nimeshika kalamu badala ya simu, kwa kuwa kwenye simu utasema "sawa, Baba", na mazungumzo yataishia hapo.

Yaliyotokea siyarudii. Fedha za sare za kwaya zilikuwa mikononi mwako, ukazisukia mikeka ya kubeti mpaka zikaisha, na yaliyofuata tunayajua sote wawili. Nitasema tu lile ambalo wakati ule hasira haikuniruhusu kulisema: ulijitaja mwenyewe kabla wakaguzi hawajafungua daftari, jambo ambalo watu wazima wenye vyeo kanisani wameshindwa kulifanya, nami kwa hilo naona fahari kuwa baba yako. Lakini ulijitaja kwa ujumbe wa usiku wa manane katika kundi la WhatsApp la kwaya, na kabla hata mtu mmoja hajajibu ukajitoa. Je, unajua waliandika nini baada yako? Mimi ninajua, maana mwenyekiti wa kwaya alinisomea. Wawili walikutukana, na mmoja wao aliandika kwamba mwizi hana sauti ya kumsifu Mungu. Wengine wote walikuwa wakiulizana uko wapi, nani anakaa karibu na chumba chako, na kama kuna aliyekuona umekula siku hiyo. Matusi uliyatarajia, nadhani ndiyo uliyoyakimbia. Hayo mengine hukuyasoma.

Ulipokuwa mwanafunzi wa kipaimara ulikariri Katekismo Ndogo ya Martin Luther, ile ya mwaka 1529, nami ndiye niliyekuwa nikikusikiliza jioni. Sehemu ya kuungama inasema jambo hilo lina pande mbili: kwanza kuungama dhambi, na pili kupokea ondoleo la dhambi kwa mchungaji kana kwamba ni kwa Mungu mwenyewe, bila kuwa na shaka. Wewe umefanya upande wa kwanza, tena kwa haraka, na wa pili hujaufikia. Wazee walikuita ukaonane nao, hukwenda. Mchungaji alikuja mpaka mlangoni kwako, ukamwambia kupitia dirishani kwamba unaumwa. Sasa unataka kupanda basi la Dodoma na upande huo wa pili ukiwa bado unakungoja Mwanza.

Najua utajibu nini. Utasema kwamba unalipa, na ni kweli unalipa. Mtunza hazina mpya ameniambia kwamba kila mwezi unatuma kiasi kwa simu, na kwamba zimebaki shilingi 380,000. Umemwambia dada yako kwamba ukimaliza kulipa utakuwa umemalizana nao. Mwanangu, hapo ndipo ninapoogopa zaidi ya penginepo. Fungua Mathayo 27. Yuda alirudisha vipande vyote 30 vya fedha, hakubakiza hata kimoja, na akasema waziwazi kwamba amekosa kwa kuisaliti damu isiyo na hatia. Alijuta, aliungama, alirudisha. Ila aliyapeleka hayo yote kwa makuhani ambao hawakuwa na neno la kumpa isipokuwa kwamba ayaangalie mwenyewe, akatoka akaenda zake peke yake, na mwisho wake unaujua. Usiku uleule Petro naye alikuwa amemkana Bwana mara tatu, na sijaona mahali ambapo Biblia inasema kosa lake lilikuwa dogo. Lililowatofautisha ni kwamba Petro alikutwa bado yuko pamoja na wenzake.

Zakayo naye tazama mpangilio wa mambo yake. Alisema atawarudishia mara nne wale aliowanyang'anya, lakini aliyasema hayo Yesu akiwa amekwisha kuingia nyumbani mwake, watu wakiwa nje wananung'unika. Hakuambiwa alipe kwanza ndipo akaribishwe mezani. Kulipa ni lazima, wala usije ukadhani kwamba baba yako anakuambia deni lifutike. Nasema tu kwamba hizo 380,000 hazinunui unachokitafuta, na siku utakapotuma shilingi ya mwisho utashangaa kuona aibu iko palepale.

Bibi yako, mama yangu, alikuwa mtu wa uamsho, ule uliotoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 na kutufikia huku Bukoba. Wao walikuwa na desturi ya kusimama katikati ya ndugu na kutaja dhambi kwa jina lake, kisha kwenda kurudisha kitu kilichoibwa hata kama mwenyewe alishakisahau, na mtu akimaliza kusema waliimba Tukutendereza, wimbo wao wa sifa wa Kiganda, na kumkumbatia. Sikupenda kila kitu chao. Wapo walioyafanya makosa ya wenzao kuwa hadithi za kila mkutano, na nilipokuwa kijana nilikaa mbali nao kwa sababu hiyo, mbali zaidi kuliko ilivyonipasa. Lakini jambo moja walilijua ambalo sisi tunaohesabu bahasha za ahadi tumelisahau: mkosaji hapaswi kuachwa aondoke kabla hajasikia kwa masikio yake, kutoka kinywani mwa mtu anayejua alichokifanya, kwamba amesamehewa. Dodoma watakupokea vizuri, sina shaka. Ila watakuwa wanampokea mtu wasiyemjua, na wewe utakuwa unakaa ndani ya mapokezi hayo ukijiuliza wangefanya nini kama wangejua.

Umeandika pia kwa dada yako kwamba hata ukirudi hawatakuamini tena. Hilo ni kweli, na wasikuamini kwa fedha. Mimi ningekuwa mzee wa kanisa pale ningekuwa wa kwanza kupinga usikabidhiwe daftari la kwaya, na mtu anayependa mikeka asiombe ufunguo wa sanduku kwa miaka mingi. Unachanganya kusamehewa na kurudishiwa kazi. Yohana Marko aliwaacha Paulo na Barnaba kule Pamfilia katikati ya safari, na Barnaba alipotaka wamchukue tena Paulo alikataa kabisa, hata wazee wale wawili wakatengana kwa sababu ya kijana mmoja. Barnaba akaenda naye Kipro. Mambo hayakutengenezwa wiki ile wala mwaka ule. Lakini katika barua ya pili kwa Timotheo, Paulo akiwa kifungoni, anaagiza Marko aletwe kwa maana anamfaa kwa utumishi. Kati ya sura hizo mbili mna miaka ambayo Biblia haisimulii, na ninaamini ilikuwa miaka ya kazi ndogondogo zisizo na sifa, huku Barnaba akiwa karibu. Petro yeye alirudishiwa kazi mapema, pale ufuoni kwenye moto wa makaa, ila hakuulizwa faraghani tu kama unavyotaka wewe; ndugu zake walikuwa wamekula naye mkate na samaki asubuhi ileile, walewale waliomsikia akijigamba kwamba hata wote wakimwacha Bwana yeye hatamwacha. Na swali la tatu lilimhuzunisha. Sikuahidi kwamba hutahuzunika.

Lipo na hili la mikeka yenyewe. Mji utabadilika, simu ni ileile. Mwanza angalau wapo watu watatu wanne wanaoweza kukutazama usoni siku ya mshahara na kukuuliza umefanya nini nao. Dodoma, ukiwa mgeni wa benchi la nyuma, bila jumuiya, bila mzee wa kanisa anayejua mlango wako, nani atakuuliza? Nimewaona watu waliokaa "wageni" katika usharika mmoja kwa miaka. Sikutishi kwa habari za mazishi wala ubatizo wa watoto, ingawa ndipo wengi wanapokumbuka kwamba hawana usharika. Nakuambia tu kwamba mficha maradhi kifo humuumbua, na haya yako umeyaonja.

Nimezungumza na mchungaji wako kwa simu. Usikasirike; wewe ni mwanangu hata ukiwa na ndevu. Anasema baraza la wazee halikukutenga kwa chuki, liliamua usishiriki Meza ya Bwana mpaka uonane nao, na kwamba kwa jambo lako hakuna atakayekusimamisha mbele ya usharika wote kwa kulazimishwa. Utaonana na yeye na wazee wawili ofisini, siku ya Jumatano au Alhamisi jioni, utasema, watasali nawe, atakutangazia ondoleo, na Jumapili itakayofuata utashiriki. Kama utapenda kusema neno kwa wanakwaya baada ya mazoezi, hilo umeachiwa mwenyewe. Ningependa ufanye hivyo, lakini silazimishi. Baada ya hapo ndipo atakuandikia barua ya uhamisho, nayo haitaeleza kosa lako. Itasema tu kwamba wewe ni Mkristo wa usharika ule, mshiriki wa Meza ya Bwana, na itakuombea upokelewe. Kazi yote hiyo haizidi jioni moja na Jumapili moja. Wiki tatu ulizobakiwa nazo zinatosha mara kadhaa.

Kuhusu hizo 380,000, nimempigia mtunza hazina nikamwambia aandike jina langu. Ipo barua fupi ya Paulo kwa Filemoni, sura moja yenye aya 25, ambayo naomba uisome kabla hujakwenda ofisini. Onesimo alikuwa amemkimbia bwana wake na pengine amemdhulumu. Paulo hakumsaidia kufika mbali zaidi, alimrudisha Kolosai palepale alipokosea, ila hakumrudisha mikono mitupu wala peke yake. Alimpa barua, Onesimo akasafiri pamoja na Tikiko, na kuhusu deni Paulo aliandika kwa mkono wake kwamba atalipa yeye. Wewe endelea kutuma kila mwezi kama ulivyoanza, lakini utume kwangu. Wao nitawamalizia kahawa ikishauzwa, ili usipande basi la Dodoma ukiwa bado unadaiwa na kwaya. Mama yako alisema nisikuambie hili mpaka uwe umeonana na mchungaji. Nimeamua tofauti.

Hapa nyumbani hatujambo. Mnyauko umeingia migomba ya shamba la chini, tumekata na kuzika, na kila shina tunapitisha panga motoni kwanza kama mabwana shamba walivyotufundisha; shamba la juu bado ni salama. Magoti ya mama yako yanamsumbua kwenye kilima cha kisimani, kwa hiyo nimenunua tangi la kuvunia maji ya mvua na ninahitaji mtu wa kunisaidia kufunga mifereji ya bati. Mdogo wako yuko katika mafundisho ya kipaimara na anataka wewe ndiwe umsikilize akikariri, kwa simu ikibidi, maana anasema mimi ninamsahihisha kabla hajamaliza sentensi. Amefika sehemu ya ubatizo, ya kuungama itafuata.

Dada yako atakuwa Mwanza kuanzia Jumatatu ijayo kwa shughuli zake, na amekubali kwenda nawe mpaka mlango wa ofisi kama hutaki kwenda peke yako. Mwambie umechagua Jumatano au Alhamisi, naye aniambie. Nakuomba tena, usinunue tiketi ya Dodoma kabla ya siku hiyo.

Ni mimi baba yako