Chai ya Jumapili kwenye chupa ya Alhamisi

Wasomaji wenzangu, salamu kutoka Tukuyu, huku milimani Mbeya, ambako Julai hii watu wanalala na sweta.

Naomba ushauri kuhusu chupa ya chai. Mama mkwe ana tabia moja: chupa isikae tupu. Chai ya maziwa ikibaki usiku, asubuhi haimwagwi, mpya inamiminiwa humohumo. Jioni vilevile. Ukipiga hesabu, leo Alhamisi tunakunywa na ya Jumapili ndani yake. Sababu zake zinaeleweka: mgeni akibisha hodi asikute chupa kavu, na mkaa wa kuwasha jiko usiku kwa ajili ya kikombe kimoja ni hasara.

Shida iko kwenye joto. Huku juu maji yanachemka karibu nyuzi 95, si 100, kwa hiyo chai inaingia kwenye chupa ikiwa imeshapungukiwa kidogo. Chupa ya lita 1.8 ikijaa, joto linakaa. Ikibaki robo, na kizibo kinafunguliwa kila saa, kufikia alfajiri ni vuguvugu. Vuguvugu, maziwa na sukari: vijidudu wametandikiwa mkeka. Wapo wanaostahimili kuchemshwa kwa kujifunga kama mbegu kavu, halafu joto likishuka chini ya nyuzi 60 wanaamka na kuzaana. Baadhi yao huacha sumu isiyoondoka hata chai ikirudishwa jikoni ikatokota upya. Ndiyo maana lile jibu la "nitaipasha" halinitoshi.

Harufu haisaidii kujua, hasa kwa mpenda tangawizi (tangawizi nyingi inaficha mengi). Afadhali kutazama kikombe: vichembe vyeupe vinaelea na kujikusanya ukingoni kama unga usiokorogeka. Hayo ni maziwa yaliyoanza kukatika. Ila chai inaweza kuwa imeharibika na vichembe visionekane.

Halafu chupa yenyewe. Kuisuuza tu hakuondoi lile ganda la kahawia. Inatakiwa maji ya moto nusu chupa, vijiko viwili vya mchele mbichi na tone la sabuni, itikiswe taratibu dakika moja, isuuzwe mara tatu, ikaushwe kichwa chini bila kizibo. Steliwaya ya kwenye kijiti hapana, kioo cha ndani ni chepesi. Hata maji yanayotokota yakimiminwa ghafla asubuhi ya baridi kinaweza kulia "tiki" na kupasuka, kwa hiyo yatangulie ya uvuguvugu. Na mpira wa kizibo uvuliwe. Chini yake ndipo unapokuta ute mweusi ambao hakuna aliyewahi kuuona.

Njia ninayoiona mimi ni chai ya rangi ndani ya chupa, maziwa yakae pembeni. Maji lita moja na nusu, majani vijiko vidogo vitatu, yachemke dakika tatu, yachujwe kabla ya kumimina, maana majani yakiingia kwenye chupa yanaendelea kutoa uchungu na mtu anaishia kuongeza sukari. Maziwa yachemshwe, sufuria ifunikwe na kuwekwa kwenye beseni la maji baridi. Kwa baridi hii yanaweza kufika asubuhi bila kukatika, yanachemshwa tena ndipo yanachanganywa. Kwa usiku, chupa ya nusu lita inatosha, na ikibaki haiumi kuimwaga.

Mama hataki. Chai ya rangi anaiita "maji ya kutawadhia", na chupa ndogo anasema ni ya wagonjwa wa hospitali. Kuimwaga kimyakimya haiwezekani: kila alfajiri, kabla mtu hajagusa kitu, anaichukua, anaitikisa sikioni na kujua imebaki vikombe vingapi.

Sasa nisaidieni. Maneno haya yasemwe na nani: mume wangu, wifi, au mimi mwenyewe? Mkwe akitaja uchafu wa chupa ametaja uchafu wa nyumba, na hilo silitaki. Je, nianze na mpira wa kizibo, aone kwa macho yake, au ndiyo nitakuwa nimemwaibisha? Na waliofanikiwa kumtoa mzee kwenye chai ya maziwa iliyolala, mlimpa nini badala yake saa tano za usiku, mgeni akiwa mlangoni?

Mkwe, Tukuyu