Barua kwa Zuhura: hiyo albumini si hukumu ya jiko lako

Dar es Salaam

Shoga yangu Zuhura,

Assalaam alaykum. Picha ya majibu ya shemeji nimeipata, na ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza wote, hata pale uliponyamaza. Nianze na lile linalokukosesha usingizi. Mumeo figo zimefeli, anasafishwa damu nyumbani kwa maji ya mfuko yanayoingizwa tumboni kisha kutolewa, na albumini yake kushuka kutoka 33 hadi 27 si ushahidi kwamba humlishi. Huyo wifi yako anayesema "angekuwa anakula vizuri damu isingeishiwa protini", mwambie aje Toronto ashike hilo jiko wiki moja.

Albumini ni protini ya damu inayotengenezwa na ini, gramu kumi na kitu kwa siku, na kazi yake kubwa ni kuyashikilia maji yabaki ndani ya mishipa. Mtu mzima mwenye afya huwa na gramu 35 hadi 50 katika kila lita. Lakini maabara haipimi albumini yote aliyonayo mtu mwilini, inapima ni gramu ngapi zimo kwenye lita moja. Maji yakizidi, namba inashuka hata kama hakuna gramu iliyopotea. Chai ukiiongezea maji, sukari ni ile ile ila utamu umepungua.

Na shemeji ana maji. Umesema mwenyewe: soksi zinaacha alama, viatu vya jioni havimwingii, presha imepanda, uzito umeongezeka kilo nne huku mashavu yamebonyea. Huko si kunenepa. Huyo amepungua nyama akaongezeka maji, na mizani haijui kutofautisha. Kwa hiyo kabla hujaongeza yai la tatu asubuhi, waulize kliniki: uzito wake mkavu, yaani uzito akiwa hana maji ya ziada, kwa sasa ni upi? Maana uzito waliouweka mwaka jana, akiwa na misuli yake, leo unaweza kuwa unaficha lita mbili tatu za maji. Kliniki nyingi zina kile kifaa cha kupitisha umeme mdogo mwilini ili kukadiria maji. Kama wanacho, omba apimwe.

Sisemi kwamba protini haipotei. Inapotea, na sana. Ule utando wa tumbo unaotumika kama chujio hauna ujanja wa kuchagua kama figo nzima, kwa hiyo kila mnapotoa maji yaliyokaa tumboni, protini nayo inatoka, na nyingi yake ni albumini. Kwa kawaida ni gramu 5 hadi 15 kwa siku. Na kwa kuwa yeye ana kisukari na bado anakojoa, nyingine inapitia kwenye mkojo. Wagonjwa wetu huku, wanaosafishwa damu kwa mashine, hawapotezi protini kwa njia hiyo ya tumbo, ndiyo maana wauguzi wengi wa hapa ukiwauliza jambo hili watakujibu kwa kubahatisha. Tumbo huku nimeona likitumika zaidi kwa watoto ambao figo zimefeli ghafla. Mimi nilikaa na watu wazima wa mifuko nilipokuwa mafunzoni Cape Town, na ninayokuandikia nimeyatoa huko.

Kuna watu ambao utando wao unapitisha vitu haraka kuliko wa wengine. Kwao hasara inakuwa mara mbili: protini inatoka nyingi zaidi, na ile glukosi ya kwenye mfuko, ambayo ndiyo inayovuta maji kutoka kwenye damu, inanyonywa na mwili mapema. Glukosi ikiisha nguvu, maji hayavutwi tena, na mfuko ukiachwa muda mrefu yanaanza kurudi mwilini. Ukiona ule mfuko wa usiku unatoka pungufu ya ulivyoingia, andika, uwaonyeshe. Kuna kipimo kinachochukua muda wa saa nne cha kujua utando wa mtu ni wa aina gani. Daktari Twardowski alikieleza mwaka 1987 na bado kinatumika. Waulize cha shemeji kilisomaje, na lini mara ya mwisho.

Hapo ndipo mambo yanapokabana. Maji yakijaa, hata utumbo unavimba, hamu ya kula inapotea, na mwili unakaa katika hali ya mchomo, yaani unajihami kama unaopigana na ugonjwa. Mwili ukiwa na mchomo, ini linapunguza kutengeneza albumini kwa makusudi kabisa, hata umlishe kuku mzima. Albumini ikishuka, maji yanakimbilia kwenye nyama za miguu badala ya kukaa kwenye mishipa ambako yangeweza kutolewa. Daktari anaongeza mifuko yenye sukari kali ili ayavute. Mwili unanyonya glukosi, kwa wengine gramu 100 hadi 200 kwa siku, na mtu anashiba sukari ya tumboni kabla hajakaa mezani. Halafu wewe unasimama na sahani unadhani anakususia.

Sasa tuseme ya sufuria, na usinikasirikie. Ile supu ya kongoro, shoga, acha. Najua inachukua asubuhi nzima, na najua mama yake ndiye aliyekuagiza. Lakini bakuli la supu ni maji na chumvi, na ile protini ya magoti na ngozi ni dhaifu. Haina vyote ambavyo ini linahitaji kujengea albumini. Chumvi inamtia kiu, kiu inamnywesha, na unarudi pale pale. Mpe samaki mkavu wa mchuzi, yaani samaki asiye na mchuzi mwingi, si ng'onda! Ng'onda ni chumvi tupu. Kipande cha samaki au kuku cha gramu 100 kilichopikwa kina protini kati ya 20 na 30, yai moja lina kama 6. Anachohitaji ni gramu 1.0 hadi 1.2 kwa kila kilo, na hesabu hiyo ifanywe kwa uzito mkavu, si kwa kilo zenye maji. Akiwa na kilo 65 kavu, basi ni 65 hadi 78 kwa siku. Inawezekana bila vita, hasa akila kabla ya kuingiza mfuko mpya, tumbo likiwa tupu. Ndimu, tangawizi, bizari na pilipili tumia unavyotaka. Vile vijiwe vya supu vya dukani tupa.

Halafu uliuliza kuhusu chupa ya albumini, kwamba binamu yake anaweza kuipata huku akaituma. Usiruhusu. Ni dawa ghali ya mshipani, na kwa shemeji itapandisha namba siku chache kisha itatoka kwa njia ile ile inayotokea ya kwake. Fedha hiyo mtumie nauli ya kuja kutuona.

Nikirudi kwenye maji: kila asubuhi mpime baada ya kutoa maji ya usiku, tumbo likiwa tupu, nguo zile zile nyepesi. Mnapohesabu kilichotoka kumbukeni kwamba kiwanda huwa kinazidisha kidogo maji ya mfuko ili yatumike kusuuzia mpira. Kama mnalinganisha kilichotoka na ile lita mbili iliyoandikwa nje, mnaweza kudhani mmetoa maji kumbe ni yale ya ziada. Pimeni mfuko kwa mizani kabla na baada. Na kila mfuko unaotoka uwekeni juu ya karatasi yenye maandishi. Yakisomeka vizuri sawa, yakiwa na ukungu, au tumbo likimuuma, pigeni simu kliniki saa hiyo hiyo hata kama ni usiku wa manane. Maambukizi ya utando yanaweza kuongeza upotevu wa protini maradufu na zaidi, na albumini hubaki chini wiki nyingi baada ya dawa kuisha. Katika ujumbe wako ulitaja "siku ile maji yalikuwa kama ya mchele" halafu ukapita. Hiyo mliwaambia?

Mkojo wake uchungeni kama mboni. Utafiti mkubwa wa Kanada na Marekani, ulipochambuliwa upya mwaka 2001, ulionyesha kwamba kila mililita 250 za mkojo kwa siku ziliambatana na hatari ya kufa kupungua kwa asilimia 36. Kwa hiyo diklofenaki, ile dawa ya maumivu ya mgongo inayoweza kuziumiza figo, asiiguse bila kuuliza, na dawa ya kukojoza aliyopewa asiiache kwa sababu "inamsumbua njiani".

Jambo la mwisho kuhusu namba zenyewe: angalia kama 33 na 27 zimetoka maabara moja. Kuna maabara zinazopima albumini kwa rangi ya kijani na nyingine kwa zambarau, na ile ya kijani husoma juu kidogo. Sidhani tofauti yote sita ni hiyo, lakini huenda baadhi yake ni hiyo.

Mifuko usibadilishe nguvu yake kwa maneno yangu. Peleka daftari la uzito, waache waamue. Nitumie uzito wa wiki hii na jibu la lile swali la maji ya mchele. Watoto wanakusalimu, na Mama Mdogo anauliza kama baridi imeanza.

Wako,
Mwanaidi

N.B. Wakimwekea ule mfuko wa usiku usio wa glukosi, unaoitwa ikodekstrini (unatokana na wanga wa mahindi), siku hiyo hiyo waulize kuhusu kipimo chake cha sukari cha nyumbani. Baadhi ya vipimo huchanganyikiwa na dawa hiyo na kuonyesha sukari iko juu wakati iko chini, na mtu akijidunga insulini kwa kufuata namba hiyo anaweza kuzimia. Wakupe jina la kipimo kinachokubalika, uliandike kwenye mlango wa friji.