Ukuaji ulituachia mgongo wazi

Mhariri,

Ni miaka mingi nasoma gazeti lenu hapa Kisumu bila kuandika neno. Taarifa yenu ya juzi kuhusu uchumi imenishinda kunyamaza. Mwandishi alilalamika kwamba uchumi wa Kenya ulikua kwa asilimia 4.7 pekee mwaka 2024, kisha akasema jamii isiyokua kila mwaka inakufa. Nani alimwambia hivyo?

Nimeuza samaki tangu 1984. Mbuta, yaani sangara, walikuwa wamejaa Ziwa Victoria, viwanda vya minofu vikaja mbio. Magari ya barafu yalifika ufuoni kabla ya jua, yakazoa samaki wazuri kwa bei ambayo sisi akina mama hatukuiweza, na minofu ikapelekwa Ulaya. Sisi tuliuziwa kichwa, mifupa na vinyama vilivyobaki ubavuni, ndio huu mgongo wazi unaokaangwa mtaani Obunga, hapa Kisumu, mpaka leo. Asubuhi moja mwaka 1992, nikiwa na mimba ya miezi saba, nilipanga foleni kwenye lango la kiwanda tangu saa kumi alfajiri. Saa mbili karani akatoka, akasema migongo yote imechukuliwa na watu wa chakula cha mifugo. Nikamuuliza watoto wangu watakula nini. Akanijibu, "Mama, biashara inakua, shukuru Mungu." Nikarudi nyumbani na karai tupu. Kwenye hesabu za serikali, siku ile nchi ilipanda! Minofu ilihesabiwa, chakula cha mifugo kikahesabiwa. Karai langu halikuhesabiwa popote, wala fulu, samaki wadogo wa ziwa hili tuliowala utotoni, ambao mbuta waliwala hadi aina nyingi zikatoweka. Simon Kuznets, aliyeongoza kazi ya kukokotoa pato la taifa la Marekani, aliwaonya wabunge wao tangu 1934 kwamba pato hilo si kipimo cha ustawi wa watu. Mwandishi wenu hajasikia?

Ziwani tunajua kusimama. Kuanzia Aprili hadi Julai omena, yaani dagaa, hawavuliwi, wapate kuzaliana. Tunabana matumizi, nyavu zinashonwa, Agosti mitumbwi inarudi majini. Huko si kufa.

Na hawa samaki wa China wanaouzwa hatua chache tu kutoka ziwani, mbona hamwaandiki? Mteja anaketi hotelini, anaambiwa ni ngege, yaani sato, wa hapa, kumbe samaki huyo amevuka bahari akiwa ndani ya barafu. Hiyo nayo mtaniambia ni biashara inakua.

Ombi langu ni hili. Kila mnapochapisha asilimia ya ukuaji, kando yake wekeni bei ya gorogoro, yaani mkebe wa kupimia, ya omena sokoni Kibuye siku hiyo, na bei ya mwezi uliotangulia. Mtu aende mwenyewe saa kumi na mbili asubuhi, asiulize kwa simu. Akikosa wa kumwonyesha, mimi niko pale Jumatatu hadi Jumamosi.

Mama muuza samaki,
Kisumu