Bhoke, usimwache Chacha peke yake na yule mbwa

Mugumu, Serengeti

Bhoke mwanangu,

Sisi hatujambo. Mama yako goti bado linamsumbua, ila jana alikwenda sokoni na kurudi kwa miguu yake, kwa hiyo usimpigie simu ya kumpa pole. Atakasirika.

Nimeona niandike kwa sababu kwenye simu huwa unaniitikia "sawa baba" kabla sijamaliza. Ni ile video uliyoituma kwenye kundi la familia, mlipokwenda kuiona nyumba ya Nzuguni, huko Dodoma, mnayohamia. Shangazi zako wote wameweka mioyo. Mimi sikuweka kitu. Nimeirudia mara nyingi, mara nyingine nimezima sauti ili vicheko vyenu visinichanganye, nikamtazama mbwa wa nyumba hiyo peke yake.

Mjukuu wangu Chacha amemkumbatia shingoni. Mbwa amegeuza uso upande wa ukuta. Anajilamba pua, na hapo hakuna chakula. Masikio ameyalaza nyuma, mdomo ameufunga, na lile jicho la upande wenu linaonyesha weupe. Halafu anapiga miayo, na dada anasema, "Jamani, kashikwa na usingizi!" Hakuwa na usingizi, Bhoke. Mbwa akitaka kusema "nitoleeni huyu mtoto, nabanwa", anasema hivyo hivyo. Alilisema na kulirudia, mkiwa watu wazima mmemzunguka, na hakuna aliyemsikia. Najua alikuwa anatikisa mkia, na ndicho kilichowachekesha. Mkia uliobanwa chini ukatikisika nchani tu si mkia wa furaha.

Kwa hiyo nasema, na nitarudia mpaka mwisho wa barua hii: msimwache Chacha peke yake na mbwa huyo. Hata dakika moja. Dada akienda jikoni kusonga ugali, aidha mtoto anakwenda naye au mbwa anatoka nje na mlango unafungwa. Kumtazama kwa dirishani hakutoshi, kwa sababu mbwa akiamua, hutawahi kufika mlangoni.

Sikwambii umkatae mbwa. Nyumba iko pembeni, mkwe wangu husafiri kikazi, na mbwa aliyezoea kiwanja hicho ni msaada mkubwa. Na nimefurahi kwamba uhamisho ulipotoka ulitafuta nyumba mwenyewe na hukusubiri mtu akutafutie. Nimewaambia watu wengi hapa kijiweni kuliko unavyodhani. Ila hukuniambia kuna mbwa. Nimemwona kwenye video kama shangazi zako walivyomwona, mimi ambaye nimekuwa bwana mifugo maisha yangu yote ya kazi.

Unajua jinsi tulivyokuwa tukichanja. Tunaweka meza chini ya mti shuleni, na wanaoleta mbwa si wenye mji, ni watoto. Mtoto wa darasa la pili anakuja na mbwa watatu kwenye kamba ya katani, anawaita majina yao, anamshika kila mmoja kichwa huku sindano inaingia. Mbwa wa huku watoto ndio wanaowajua. Wanachunga nao, wanakula nao, wanalala nao kwenye kivuli kimoja. Ni jambo zuri, na nataka Chacha alipate. Lakini ndiyo maana pia watoto ndio wanaoumwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 kila mwaka duniani, na kwamba kati ya kila watu kumi wanaong'atwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huo, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Mtoto wa miaka mitatu uso wake uko sawasawa na mdomo wa mbwa. Wewe ukiumwa, utaumwa mguu au mkono. Yeye ni shavu, jicho, shingo. Na jeraha la kichwani liko karibu na ubongo, ambako ugonjwa unaelekea.

Watu hudhani mtoto mdogo ataumwa na koko wa njiani. Mara nyingi ni mbwa wa nyumbani au wa jirani, anayejulikana kwa jina. Ya Marwa alivyoumwa na mbwa wetu Bobi unayajua, sirudii. Naongeza moja tu, ambalo mlipokuwa wadogo hatukuwaambia: Marwa hakumchokoza. Bobi alikuwa anakula, mtoto akapita karibu na sahani, na mtu mzima aliyekuwa pale alikuwa anasikiliza matangazo ya mpira. Mbwa anayekula haguswi, wala anayelala, wala jike mwenye watoto. Mlisheni kwa saa maalumu, mtu mzima ndiye ampe, na Chacha awe ndani mpaka sahani iondolewe.

Kuna jambo ambalo mkwe wangu asipolielewa mapema litawaletea balaa. Mbwa akimngurumia mtoto, msimpige. Najua mkono utanyanyuka wenyewe. Kunguruma ni onyo, ni nafasi ya mwisho anayowapa. Ukimchapa kwa kunguruma, anajifunza kutonguruma, na siku nyingine anauma bila kutangaza. Akinguruma, mtoeni mtoto taratibu, bila kelele, kisha mkae muulizane alikuwa anafanyiwa nini. Pengine ana kidonda sikioni. Pengine alivutwa mkia. Mbwa mwenye maumivu hukosa uvumilivu kama mtu, na kupe mmoja ndani ya sikio anatosha.

Na mnyororo. Kwenye video nimeuona umelala karibu na tangi la maji, umekuwa mweusi kwa kutumika. Mbwa anayefungwa mchana kutwa huwa mkali, kwa sababu kila kinachomkaribia hana pa kukikimbia. Bobi alikuwa mpole mpaka alipofungwa mnyororo, na aliyeununua mnyororo ule hakuwa mama yako. Mwambieni fundi awajengee banda lenye wavu na mlango, kivulini, maana jua la Dodoma mnalijua, na maji yasikauke. Banda liwe la mbwa peke yake. Chacha asiingie humo hata akimfuata mpira. Mbwa mwenye mahali pa kujitenga huondoka mwenyewe akichoka na mtoto. Asiye napo hutumia meno.

Sasa chanjo. Usikubali mwenye nyumba akuambie "amechanjwa". Taka kadi, usome tarehe kwa macho yako. Mbwa huchanjwa kichaa akifikisha miezi mitatu, na kwa chanjo tunazotumia hapa kwetu anarudiwa kila mwaka. Kama kadi haipo, mhesabu hajachanjwa, umwite bwana mifugo wa kata kabla hamjahamisha hata godoro. Mara nyingi kampeni hufanyika karibu na Septemba 28, ambayo ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, lakini ninyi msiisubiri. Ulizeni na chanjo nyingine. Mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wetu wa Serengeti walikufa, na kilichowaua ni distempa, ugonjwa wa mbwa. Watu wa huku hawakuhitaji kuambiwa mara mbili baada ya hapo.

Ikitokea bahati mbaya, hata kama ni mkwaruzo wa jino tu, hata kama mbwa ana kadi, osheni jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15. Angalieni saa, kwa sababu mtoto akilia dakika mbili zitaonekana kumi na tano. Msipake pilipili wala mafuta ya taa wala udongo wa kichuguu, hata jirani aape. Kisha hospitali siku hiyo hiyo, na sindano akamilishe zote kwa tarehe alizoandikiwa. Dalili zinaweza kukaa miezi miwili au mitatu kabla ya kutokea, ndiyo maana watu hukatiza sindano wakidhani yamepita. Zikishatokea, hakuna dawa. Nimewahi kukaa kwenye nyumba iliyochelewa, na sitaki kuandika zaidi ya hapo. Mbwa naye msimuue kwa hasira. Mfungieni bandani atazamwe siku kumi, lakini sindano za mtoto zisisubiri siku hizo.

Nimeandika ya kutisha tu, na mama yako anayesoma kwa nyuma ya bega langu anasema nitakufanya umfukuze mnyama wa watu. Basi nieleze wataanzaje.

Siku za kwanza waonane kwa wavu katikati. Mpe mbwa nguo ya Chacha iliyovaliwa ainuse, aizoee harufu. Halafu mbwa awe kwenye kamba mkononi mwa mkwe wangu, Chacha kwenye mkono wako, mkae kwa mbali, mbwa atupiwe kipande cha nyama kila mtoto anapotokea. Atajifunza kwamba mtoto akija, mema huja. Msiwakutanishe kwa kulazimisha. Mbwa ndiye amfuate mtoto, si mtoto amfuate mbwa. Akija mwenyewe, Chacha amguse ubavuni au kifuani kwa kiganja kilichofunguliwa, asipitishe mkono juu ya kichwa, kisha aache. Mbwa akisogea tena, anataka. Akigeuka au akiondoka, basi, hata Chacha akilia. Kukumbatia hapana. Kumpanda mgongoni hapana, na anayempandisha ili apige picha nitamsema mbele ya watu.

Mfundishe pia mambo mawili ya mwili, myafanye kama mchezo uani. Mbwa akimjia kwa kasi, asikimbie wala kupiga kelele. Asimame wima, akunje mikono kifuani, atazame vidole vya miguu yake. Akiangushwa, ajikunje, mikono ifunike shingo na masikio. Mtoto wa miaka mitatu atasahau. Rudieni kila Jumamosi, na dada naye afanye, kwa sababu ndiye atakayekuwa nyumbani.

Mpeni Chacha kazi ya mbwa anayoiweza. Akujazie bakuli la maji, wewe ulipeleke. Arushe mpira, asicheze kwa mikono mitupu. Aseme "keti" ukiwa umesimama naye, mbwa akiketi apewe kitu. Hapo mtoto anaona kwamba mnyama anasikia neno la upole, na mbwa anazoea kumtazama mtoto akisubiri mema. Nimeona urafiki wa namna hiyo kwenye maboma mengi, na hakuna mlinzi wa kulipwa anayemfikia.

Vinyesi vizolewe kila siku, kwa sababu mayai ya minyoo hukaa kwenye udongo na Chacha bado anatia kila kitu mdomoni. Mikono kwa sabuni baada ya kucheza. Mbwa apewe dawa ya minyoo kila miezi mitatu. Mapafu na maini mabichi ya buchani msimpe, yachemsheni kwanza. Mifupa ya kuku iliyopikwa pia hapana, huvunjika ikamchoma tumboni. Dagaa na ugali vinamtosha, na nyama kidogo.

Kuhusu dagaa, mama yako amekufungia ndoo moja, wa Musoma, wakavu. Wawili watatu ni wa mbwa, waliobaki ni wenu, sitaki kusikia wote wameishia bandani. Gunia la mahindi linaondoka Jumatano kwa basi pamoja na ndoo hiyo. Mzigo nimeshaulipia, risiti ninayo, mkwe wangu asikubali kulipa tena stendi. Bati la jikoni bado linavuja. Nimemwambia fundi nitamlipa akimaliza na si kabla. Marwa ameahidi kuja kusaidia, lakini unamjua. Ile pesa uliyotuma ya dawa za mama yako ilibaki kidogo, nikanunulia ndama chumvi, nakwambia usije ukaisikia kwa mtu mwingine.

Usiku mbwa akiwa huru kiwanjani, mlango wa nyuma ufungwe kwa komeo la juu, kwa sababu Chacha huamka kabla yenu na anajua kufungua kitasa. Hilo lifanyike siku ile ile mnayohamia. Kadi ya chanjo ukiipata, ipige picha unitumie mimi, si kwenye kundi.

Baba yako