Barua kwa wazazi: vakansi kubwa na harmonika zinazokuja nyumbani

Lubumbashi, mwisho wa trimestri ya tatu

Baba na mama wapendwa, nanyi walezi wa watoto wetu,

Salamu nyingi. Tumefika mwisho wa mwaka, tunamshukuru Mungu. Proklamasio, yaani kutangaza matokeo, ni tarehe 2 Julai, saa tatu asubuhi, hapa uwanjani. Buletini ya alama atapewa mzazi au mlezi mwenyewe, siyo kijana wa jirani aliyekuwa anapita. Wenye deni la minervali, yaani karo, waje ofisini kabla ya siku hiyo tuelewane. Sitamtaja mtu mbele ya wengine. Tutaonana tena mwanzoni mwa Septemba.

Sasa harmonika, au kinanda cha mdomo kama wanavyoita wengine. Hiyo ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mwaka mzima watoto wa darasa la 4 na la 5 wamekuwa wakiziacha kabatini mwa shule. Vakansi hii nimeamua waende nazo nyumbani, kwa sababu mtoto akikaa miezi miwili bila kupuliza, Septemba tunaanza tena na do, sauti ya kwanza. Tayarisheni masikio.

Kwanza niwajibu waliouliza, wengine kwa barua na mmoja kwa sauti ya juu pale getini, kwa nini mtoto aliyepata asilimia 48 ya hesabu afundishwe kupuliza. Ni saa moja tu, Jumatano, masomo yakishaisha. Minervali haikuongezeka hata franka. Tena harmonika haiulizi kama umeme upo. Na anayewafundisha ni mwalimu wa hesabu mwenyewe, kwa hiyo malalamiko mengine mpelekeeni yeye.

Mtakachosikia zaidi nyumbani ni tundu la 7, na ni vizuri mlifahamu ili msidhani mtoto anafanya ukaidi. Harmonika zetu zina matundu 10, na kila tundu lina vilimi viwili, vipande vyembamba vinavyotetemeka: kimoja kinalia ukipuliza, kingine ukivuta pumzi. Tundu la 4 ukipuliza ni do, ukivuta ni re. Tundu la 5 linatoa mi na fa, tundu la 6 linatoa sauti za sol na la. Puliza, vuta, puliza, vuta, hata anayesinzia anafika. Ukifika tundu la 7 mambo yanageuka: sauti ya si inapatikana kwa kuvuta, ndipo do ya juu inakuja kwa kupuliza. Yaani umetoka kuvuta kwenye la 6, na hapo unavuta tena. Kila mtu anajikwaa. Mimi nilijikwaa wiki tatu mfululizo mbele ya darasa, na watoto wenu hawakunihurumia.

Upande wa chini, matundu ya 1 hadi 3, sauti za fa na la hazipo. Mama mmoja wa kundi la watu wazima la Jumamosi alikuja akilia kwamba ameuziwa mbovu, maana wimbo wake wa kanisani ulikuwa unakatika kila ukishuka. Haikuwa mbovu. Sauti hizo ziliachwa makusudi, ili ukipuliza matundu matatu au manne kwa pamoja zipatane kama kwaya. Mafundi huzipata kwa kukunja sauti, yaani kuishusha kwa mdomo na pumzi, sisi bado. Tulimpandishia wimbo oktava moja, yaani kutoka do hadi do inayofuata juu, ukaenda mpaka mwisho.

Vilimi vyenyewe kwa kawaida ni mchanganyiko wa shaba na zinki. Mtoto mmoja aliposikia hivyo akauliza kama ni shaba ya hapa kwetu na zinki ya mgodi wa Kipushi. Mwalimu akamjibu kwamba madini yakishayeyushwa hayasemi yalikotoka. Lakini darasa lilikwisha amua, na tangu siku ile wanazifuta kwa kitambaa kama mali ya babu zao. Walisikia pia kwamba Matthias Hohner, aliyeanza kutengeneza harmonika mwaka 1857 huko Trossingen, Ujerumani, alikuwa fundi saa. Mafundi saa wa soko la Kenya, hapa mjini kwetu, wakiona watoto wamesimama kuwakodolea macho, sababu ndiyo hiyo.

Nyumbani nawaomba jambo moja bila mjadala: harmonika moja, mdomo mmoja. Mdogo wake asipewe, mjomba aliyekuja kutembea asionjeshwe. Tumeona mpox katika nchi hii, na mate ni mate. Mtoto asukutue kinywa kabla ya kupuliza; trimestri hii tumetoa vipande vya karanga kwenye vilimi mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka. Baridi hii ya asubuhi nayo si rafiki: pumzi ya moto ikikutana na vilimi vya baridi, unyevu unatanda juu yake na sauti inakwama. Aishike viganjani kwanza hadi ipate joto, na akimaliza aikung'ute kiganjani na kuirudisha kwenye kiboksi, maana vumbi la Julai mnalijua. Yenye mwili wa ubao ndani isitumbukizwe majini. Ubao unavimba.

Anayetaka kununua atafute ya matundu 10 yenye herufi C pembeni. Hiyo C ndiyo do yetu. Baba mmoja, kwa moyo mzuri kabisa, alimnunulia mwanawe ile ndefu ya tremolo, ambayo kila sauti ina vilimi viwili vinavyotetemeka pamoja. Inalia vizuri, lakini matundu yake hayafuatani na namba za ubaoni, na kijana alishinda Jumatano nzima akitafuta mi.

Kundi la watu wazima litaendelea Jumamosi alasiri hata wakati wa vakansi. Naona wengi wenu mnasimama ukutani mkisema mmeshazeeka. Yupo baba mmoja anayekaa Katuba, hapa mjini, anayeendesha pikipiki mchana kutwa, amekuwa akiketi karibu na binti yake wa darasa la 4, na binti ndiye anayemgonga gotini kila baba akisahau kuvuta. Wiki iliyopita alivuka tundu la 7. Alisimama akatoka nje kidogo, akarudi, akapiga tena.

La mwisho. Harmonika tatu za shule zilizoazimwa na kundi la Jumamosi hazijarudi. Za watoto zimetimia zote, tatizo liko kwetu wakubwa. Sihitaji jina la mtu. Ziwekwe tu mezani kwa sekretari, zimefungwa kwenye karatasi, kabla ya proklamasio.

Vakansi njema.

Wenu,
Direkta wa shule