Mchango Una Msimu Wake: Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Wanachama wenzangu, itifaki ikiwa imezingatiwa, karibuni tena Upper Kabete, kwenye kampasi ya kilimo ya Chuo Kikuu cha Nairobi tulikosomea. Nimewaona asubuhi hii mkishuka kwenye magari na kutazama udongo kwanza kabla ya kusalimiana. Udongo huu mwekundu unaong'ang'ania viatu mvua ikinyesha ndio uliotufunza kazi, na ndiyo maana kamati iliamua tukutane hapa wala si kwenye hoteli ya mjini.

Mambo ya kawaida nitayapitia haraka. Kamati ilikutana kila robo ya mwaka. Hesabu zimekaguliwa, na mweka hazina atazisoma baada yangu. Kuna wenzetu tuliowazika mwaka huu. Katibu atataja majina yao tukiwa tumesimama. Wanachama wapya wamejiunga, wengi wao vijana waliohitimu juzijuzi, na nimefurahi kuwaona wameketi viti vya mbele.

Sasa nije kwenye jambo ambalo limenikaa moyoni mwaka mzima.

Katika mkutano uliopita tuliahidi kumgharamia mwanafunzi wa mwaka wa nne afanye jaribio lake la maharagwe. Alitaka kulinganisha mbegu iliyopakwa bakteria aina ya rhizobia na mbegu isiyopakwa. Mnaijua kazi hiyo. Bakteria hao huingia mizizini, hujenga vifundo, na huko ndani huivuta naitrojeni ya hewani wakaigeuza kuwa chakula cha mmea. Ukipasua kifundo ukakuta wekundu, basi wanafanya kazi. Hapa Kabete ndipo watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi walipotengeneza BIOFIX, ile paketi ndogo ambayo mkulima wa soya au maharagwe huchanganya na mbegu akapunguza gharama ya mbolea. Kijana alikuwa anafuata nyayo za waliomtangulia hapa hapa.

Ahadi zilikuwa nyingi siku ile, na makofi pia. Mvua ndefu ikaanza Machi. Fedha za mbegu, za vibarua na za kupima udongo zikatimia mwishoni mwa Mei. Wakati huo jirani zetu walikuwa wanapalilia mara ya pili. Kijana akasubiri mvua fupi ya Oktoba, na kuhitimu kwake kukasogezwa mbele.

Hakuna mwanachama aliyekataa kutoa. Tuliokosea ni sisi wanakamati, na mimi wa kwanza, kwa kuchukua ahadi bila kuzifuatilia na kwa kusahau kalenda ambayo sisi wenyewe tuliisomea. Nilimwendea kijana nikamwomba radhi. Alinijibu kwa upole kuliko nilivyostahili.

Kwa hiyo ombi langu la mwaka huu si kwamba mtoe zaidi. Naomba tutoe mapema, na tutoe kila mwezi. Shilingi 500 kwa mwezi kutoka kwa mtu mmoja ni 6,000 kwa mwaka. Watu kumi ni 60,000, na uzuri wake ni kwamba Januari inapofika tunajua Machi tutakuwa na nini mkononi. Anayeweza zaidi asijizuie. Anayeweza shilingi 100 aandike 100, nasi tutampa risiti kama mwingine yeyote. Baadhi yenu mlicheleweshewa risiti mwaka huu. Hilo limerekebishwa, na sasa zinatumwa kwa simu siku ile ile ya malipo.

Kuna mwanachama aliyeniuliza kwa uchungu: kodi tunalipa, kwa nini tuchange tena? Swali ni la haki. Mwaka 2003 viongozi wa Afrika walikutana Maputo wakaahidi kutenga angalau asilimia 10 ya bajeti zao kwa kilimo na maendeleo ya vijijini, na ni wajibu wetu kuendelea kuidai ahadi hiyo. Lakini mwanafunzi aliye shambani leo hawezi kusubiri tumalize kudai. Tena vyuo vyetu tangu zamani vimejengwa pia kwa mikono ya watu. Wahindi wa Afrika Mashariki walichanga fedha za kuanzisha chuo cha kumkumbuka Gandhi, wakakubali kuziunganisha na za Royal Technical College, ambacho ndicho mzizi wa Chuo Kikuu cha Nairobi. Maktaba inayobeba jina la Gandhi ni ukumbusho wa michango hiyo. Kule Nyeri, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kilianza kama chuo cha ufundi cha harambee, na wakulima wa kahawa walikuwa miongoni mwa waliokichangia.

Kwa upande wa kilimo hasa, mfano ninaoupenda uko Uingereza. Pale Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo, kuna shamba la ngano liitwalo Broadbalk, ambalo jaribio lake limeendelea tangu 1843. Mwenye shamba, John Bennet Lawes, aliuza biashara yake ya mbolea, na mwaka 1889 akatenga pauni 100,000 ziwe wakfu wa kuendeleza utafiti baada yake. Alikufa mwaka 1900. Ngano bado inapandwa. Nasi hatuna haja ya kwenda mbali: hapa Kabete, upande wa KALRO, shirika la taifa la utafiti wa kilimo na mifugo, kuna jaribio lililoanza 1976 la kulinganisha mbolea ya dukani, samadi na mabaki ya mazao. Udongo hausemi ukweli wake kwa msimu mmoja, na fedha za kuusikiliza haziwezi kuwa za msimu mmoja.

Ndiyo maana kamati inapendekeza fedha zenu zigawanywe katika mafungu mawili. Sehemu kubwa itumike mwaka huu huu kwa majaribio ya wanafunzi na kwa mafunzo ya nyanjani. Tangu mfumo mpya wa ufadhili wa vyuo vikuu uanze mwaka 2023, familia nyingi zinajikuna kichwa kuhusu karo peke yake. Mwanafunzi akipelekwa mafunzoni Kitui au Busia, nauli na kodi ya chumba huwa mlima mwingine, na hapo ndipo wengine huchagua kubaki Nairobi na kukosa kile hasa kinachomfanya mtu kuwa mkulima. Sehemu ndogo iwekwe kuwa wakfu, isiguswe, itumike faida yake tu. Akaunti itakuwa peke yake, yenye watia saini watatu, na malipo yatakwenda moja kwa moja kwa muuza mbegu, maabara au mwenye nyumba.

Neno moja kuhusu jina, kwa kuwa vijana wameniuliza. Chuo cha Kilimo na Sayansi za Mifugo, ambacho wengi wetu tunakiita koleji, hakipo tena kwa muundo ule. Tangu mabadiliko ya 2021 tunazungumza na Kitivo cha Kilimo. Mazoea ya ulimi yatakufa polepole. Shamba ni lile lile.

Fomu za ahadi ziko kwenye meza iliyo kando ya mlango. Kila fomu ina nafasi ya kuandika kiasi, tarehe ya kila mwezi utakayolipa kwa M-Pesa au benki, na darasa lako. Wenzetu walio ng'ambo watatumiwa kwa barua pepe leo jioni. Kijana wa maharagwe yuko hapa. Amevuna, na baada ya chai atatupeleka kwenye kiwanja chake atuonyeshe mizizi aliyoihifadhi. Naomba fomu zimrudie mweka hazina kabla hatujatoka kwenda kuitazama.